Neno “ng'o” lilivyofutwa kwenye kitabu cha watoto: uzi wa waandishi, wachoraji, walimu na wazazi

Msimulizi wa Jumamosi (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kwa miaka kadhaa sasa, kila Jumamosi asubuhi, nimekuwa nikiwasomea watoto hadithi chini ya mwembe wa jirani yangu hapa Kigamboni, na kwa miaka hiyo hiyo nimekuwa nikiwaandikia. Nafungua uzi huu kwa sababu ya neno moja lenye silabi moja.

Niliandika hadithi ya mbuzi anayevushwa kwa pantoni kwenda Magogoni. Mwenye mbuzi anavuta kamba, mkata tiketi anasukuma kwa nyuma, abiria wanapiga kelele kwa sababu wanachelewa kazini, na mbuzi ameketi kitako pale pale kwenye mdomo wa kivuko. Katika mswada wangu nilikuwa nimeandika hivi: “Mama Chausiku akavuta. Mbuzi ng'o! Mkata tiketi akasukuma. Mbuzi ng'o! Abiria wote wakasukuma. Mbuzi ng'o!” Nilipowasomea watoto kutoka kwenye karatasi zangu, mara ya kwanza walicheka, mara ya pili walisubiri, na mara ya tatu sikupata nafasi ya kusoma, kwa maana walilisema neno lenyewe kabla yangu, wengine wakiwa wamejiketisha chini na kushika nyasi kana kwamba wao ndio mbuzi.

Kitabu kilipotoka kiwandani, nilikuta ukurasa ule umeandikwa: “Mbuzi alikataa kabisa kusogea.” Mara moja tu, basi. Ukurasa wa mwisho ukaongezewa sentensi ambayo sikuiandika: “Hadithi hii inatufundisha kwamba ukaidi si tabia njema.” Chini yake yakafuata maswali matano. Nilipowasomea watoto wale wale toleo lililochapwa, walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mgeni rasmi. Nilipomaliza, mmoja wa miaka sita alikichukua kitabu, akakifunua mbele na nyuma, kisha akaniuliza, “Na yule mbuzi mwingine yuko wapi?”

Simlaumu mhariri peke yake, kwa kuwa yeye naye anaandaa kitabu kwa ajili ya mnunuzi anayemjua. Tazameni jina tunalovipa vitabu hivi: vitabu vya ziada. Ziada ya nini? Ya kiada, bila shaka. Hadithi ya mtoto kwetu haina makao yake yenyewe. Ni mpangaji katika nyumba ya kitabu cha kiada, na mpangaji hujifunza kuishi kwa masharti ya mwenye nyumba. Tena kuna sababu za kihistoria ambazo hatupaswi kuzibeza. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanzishwa mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, soko la vitabu vya hadithi kwa Kiswahili lilikuwa dogo mno, na utaratibu uliobuniwa ulikuwa wa busara: mchapishaji alichapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, hasa vijijini, na zilizobaki akaziuza mwenyewe. Wengi wetu tunaoandika leo tusingekuwapo bila utaratibu ule. Ila uliacha mazoea fulani: mnunuzi wa kwanza anayefikiriwa na mchapishaji ni shule, wa pili ni ofisi inayotoa ithibati, wa tatu ni mwalimu, na mtoto, ambaye kitabu ni chake, anafika wa nne, mkono mtupu.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba ipingwe na wenye sababu: kitabu cha mtoto kipimwe kwanza mdomoni, kwa kusomwa kwa sauti mbele ya watoto wenyewe, kabla hakijapimwa kwa mafunzo, msamiati au mtaala. Ninyi mnasemaje?

Baba Wawili

Nafuatilia. Wanangu wameniuliza “mbuzi ng'o” ni nini, nimejikuta nimekaa sakafuni.

Mwalimu wa Kaloleni

Ndugu mleta uzi, nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi upande huu wa pwani ya Kenya kwa muda mrefu, na ningependa kumtetea kidogo mhariri wako. Darasa langu lina watoto wengi na nakala za hadithi ni chache, kwa hivyo kitabu kimoja husomwa na watoto watano walioinamiana vichwa. Nikiingia na kitabu kisicho na maswali, mwalimu mkuu ataniuliza ninafanya nini kwenye kipindi cha lugha, na sitakuwa na jibu linaloweza kuandikwa kwenye rekodi ya kazi. Maswali yale matano ndiyo pasi ya kitabu kuingia darasani. Yaondoe, na mbuzi wako atabaki dukani, ng'o kwelikweli.

Tena ununuzi wa shule hufuata orodha iliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na mzazi anayetaka kununua nje ya orodha hiyo anakutana na bei. Ilipofika mwaka 2013, sheria mpya ya ushuru wa thamani (VAT) iliviweka vitabu kwenye kundi la bidhaa zinazotozwa asilimia 16, na mzazi anapolazimika kuchagua kati ya kitabu cha kiada alichoagizwa na shule na hadithi ya mbuzi, sote tunajua kitakachorudishwa kwenye rafu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo nakuunga mkono bila masharti, nalo ni namna vitabu vya hatua za kwanza vinavyopimwa ugumu. Waandaaji wengi huletewa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, zinazosema kwamba sentensi ya mtoto wa hatua fulani isizidi maneno matano au sita. Sasa chukueni neno “walipomtembelea”. Ni neno moja, lakini lina silabi nane, na ndani yake mna watu waliotembea, wakati walipotembea na mtu waliyemwendea. Mtoto anayesoma kwa kuunganisha silabi atapanda mlima huo huku mwandaaji akihesabu kwamba ni neno moja tu. Kwa upande mwingine, “Mbuzi ng'o!” ni maneno mawili na silabi tatu, na yamebeba kisa kizima. Nimeona mtoto aliyekwama kwenye ukurasa wenye sentensi mbili “rahisi” za kanuni hiyo, huku akisoma bila taabu mistari minane ya wimbo wa kuruka kamba ulioandikwa ubaoni. Kiswahili chetu kipimwe kwa silabi na kwa mapigo yake.

Na wale wanaosema kwamba sauti ya ng' ni ngumu kwa wanaoanza kusoma, nawauliza: mtoto aliyefundishwa ng'ombe mapema kabisa atashindwaje na ng'o?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Assalaam alaykum wanangu. Mimi si mwandishi, ni bibi tu wa hapa Unguja mwenye wajukuu, baadhi yao wako Maskati, nami huwasimulia kwa simu baada ya sala ya Isha. Nimesoma maneno ya mwalimu nikayaheshimu, lakini hili la funzo la mwishoni limenishangaza.

Bibi yangu alipotaka kutusimulia alisema “Paukwa!” nasi tukajibu “Pakawa!” Kisha akaanza: “Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa...” Hakuna aliyetufasiria chenjagaa ni nini, wala hatukuuliza. Tulijua kwamba mlango umefunguliwa na sasa tumo ndani. Maneno yale yalikuwa mazuri mdomoni kama njugu, nasi tuliyatafuna. Leo ningeandika “chenjagaa” kwenye kitabu, naamini mngenitaka niliweke kwenye orodha ya msamiati mgumu, kurasa za nyuma.

Na mwisho wa hadithi, bibi hakusema “hadithi hii inatufundisha”. Alisema kwamba kama ni njema, wema wake ni wetu sote, na kama ni mbaya, ubaya wake ni wangu niliyeisimulia. Mjukuu wangu mmoja aliyesoma chuoni aliniambia kwamba maneno ya namna hiyo yamo katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kwa hiyo si mimi ninayebuni. Msimulizi wa zamani alijitwika ubaya wa hadithi, akamwachia msikilizaji wema wake aupange mwenyewe. Ninyi wa leo mnambebesha mtoto funzo kabla hajameza hadithi.

Funzo tulilipata, msidhani hatukulipata. Sungura alipomlaghai fisi tulilala tukiwaza: hivi, angekuwa fisi ni mimi? Lakini tuliwaza wenyewe, gizani.

Mchoraji Ilala

Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba niingie kwa upande wa wachoraji, kwa kuwa uzi unataja maneno tu kana kwamba kitabu cha mtoto ni maneno.

Nianze na hesabu ambayo waandishi wengi hawaijui hadi wanapofika kwangu. Karatasi kubwa ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, inatoa kurasa 16. Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati ni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Ndiyo maana vitabu vyetu ni vya kurasa 16, 24 au 32, na mwandishi anayeniletea hadithi ya kurasa 21 ananiletea tatizo. Sasa chukua kitabu cha kurasa 24. Ukurasa wa kwanza ni wa jina, wa pili ni wa haki za mchapishaji. Toa mmoja wa mafunzo, mmoja wa maswali na mmoja wa msamiati, zinabaki 19 za hadithi. Kurasa tatu zilizoliwa si jambo dogo. Katika kitabu cha mbuzi, ndizo zilizomfanya asiseme ng'o mara tatu.

Nitaeleza. “Ng'o” haikai popote tu. Kuvuta kunatakiwa kuwe kwenye ukurasa wa kulia: Mama Chausiku ameegemea nyuma, kamba imekazwa ndi, visigino vimezama mchangani, na shingo ya mbuzi imenyooka hadi ukingoni mwa karatasi. Hapo mtoto anashika pembe ya ukurasa. Anapofunua, upande wa kushoto anakuta mbuzi ameketi vile vile, masikio yamelala, anamtazama yeye. Neno pekee ukurasani: ng'o. Kucheka kwa watoto kumo katika kule kufunua, na ukiyaweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja ili kubana nafasi, umesimulia kichekesho na jibu lake kwa pumzi moja. Mara tatu za namna hiyo zinataka nafasi, na mchoraji hawezi kuitoa mfukoni mwake.

Nimewahi kufanya kazi na mchapishaji ambaye sitamtaja, aliyenitaka nimwondolee mbuzi tabasamu kwa sababu “mbuzi hatabasamu”, na baada ya siku mbili akanitaka nimvishe shati. Nilimvisha. Lakini jambo linaloumiza zaidi ni mchoraji kuletewa maandishi yaliyokwisha kuidhinishwa, yasiyoguswa, akaambiwa “weka picha”. Ikiwa maandishi yanasema “Chausiku alivaa gauni jekundu na kubeba kikapu”, nami nachora gauni jekundu na kikapu, mmoja wetu hakuwa na kazi. Mwandishi mzuri wa watoto anajua cha kuacha. Aandike “Chausiku alikuwa tayari”, gauni na kikapu aniachie mimi, pamoja na kuku aliyejificha kikapuni, ambaye mtoto atamwona kabla ya mama yake.

Kuhusu gharama, rangi nne zinahitaji pleti nne, yaani mabamba ya kuchapia, kwa kila upande wa karatasi, na pleti hizo bei yake ni ile ile uchape nakala 500 au 5,000. Kwa hiyo toleo dogo ni ghali kwa kila nakala, na toleo kubwa linahitaji mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa ni yule yule aliyetajwa na mleta uzi. Siku hizi wapo wanaokwepa mduara huo kwa kuchapa rangi mbili tu, na nimeona kazi nzuri sana za rangi mbili. Macho ya mtoto hayadai rangi nne. Yanadai mbuzi awe mbuzi yule yule kila ukurasa, mwenye sikio lile lile lililopasuka.

Muuza Vitabu Posta

Mimi natandaza vitabu barabarani, vingi vya mitumba. Nitasema kwa ufupi. Mzazi akija na mtoto, mtoto huchagua kwa picha na mzazi huchagua kwa bei, kisha mzazi hufunua ukurasa wa mwisho. Akiona maswali anasema “hiki cha shule, kizuri”. Asipoona anauliza “hiki kinafundisha nini?” Hadithi ya Kiswahili yenye picha nauza shilingi 5,000, naambiwa ni ghali, na yule yule anavuka barabara kununua chipsi kuku. Simsemi vibaya, chipsi zinaliwa na wote nyumbani. Ila siku moja nilimsomea mtoto kurasa mbili kwa sauti pale pale barabarani, mama akiwa anatafuta chenji, na mtoto akagoma kuondoka. Ng'o. Kitabu kikanunuliwa. Tangu hapo nasoma.

Msimulizi wa Jumamosi (mleta uzi)

Nawashukuru wote, na Bi Mkubwa nakushika mkono.

Mwalimu, umenibana mahali panapostahili. Nimekubali kwamba pasi ya kuingia darasani inahitajika, lakini sioni ni kwa nini pasi ishonwe kwenye mwili wa msafiri. Maswali yanaweza kuchapwa kwenye karatasi ya mwalimu inayoambatana na nakala za shule, au ndani ya jalada la nyuma, ambako hayali ukurasa wa hadithi, na mtoto anayesomewa nyumbani hakutani nayo. Pia yapo maswali na maswali. “Nani alivuta kamba?” linampima mtoto kama shahidi mahakamani. “Wewe ungemvushaje mbuzi?” liliniletea, Jumamosi iliyopita, majibu kumi na moja, mojawapo likiwa kwamba mbuzi aachwe na pantoni ndiyo igeuke.

Kuhusu kipimo cha silabi, ningeongezea tanakali za sauti, kwa sababu ndizo zinazofutwa kwanza wahariri wanaposafisha miswada. Mtu akitumbukia, kwa Kiswahili anatumbukia chubwi. Akianguka, ni pu. Giza ni totoro, weupe ni pepepe, kufunga ni ndi, kulowa ni chepechepe. Maneno haya hufundishwa shuleni kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na papo hapo yanaondolewa katika vitabu vya hadithi kwa madai kwamba si Kiswahili cha maandishi. Mtoto anapewa kopo la sukari na kuzuiwa kulifungua. Tafsiri nyingi ninazokutana nazo kwenye simu zina upungufu huo huo: sarufi imenyooka, lakini hakuna anayeanguka pu, wote “wanaanguka chini”, kana kwamba kuna wanaoanguka juu.

Hata hivyo sitaki tuzidharau hadithi za mtandaoni. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni yake ya wazi inamruhusu mtu kuzipakua, kuzichapa na hata kuzirekebisha. Mimi huzichapa kwa rangi nyeusi kwenye steshenari ya karibu, nikakunja na kupiga pini. Na pale ninapokuta mtu “ameanguka chini”, narekebisha, kwa kuwa leseni inaniruhusu. Watoto wa hapa wameshairekebisha hadithi moja ya kiboko hadi haitambuliki.

Kwa upande wa tuzo, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza na riwaya na ushairi, baadaye ikafungua mlango kwa hadithi za watoto, na Kenya tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta ina kundi la watoto kwa Kiswahili. Ninaomba tu kwamba majaji, kabla hawajajaza alama, wamsomee mtoto mswada mmoja mmoja kwa sauti. Hata mmoja tu. Na kila tarehe 7 Julai, tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba, ngonjera na fulana, ningependa kuona shule moja inayotenga saa nzima watoto walale sakafuni wakisoma wanachotaka bila kuulizwa chochote.

Mwalimu wa Kaloleni

Hilo la karatasi ya mwalimu nimelipenda, na niko tayari kuiandika mwenyewe kwa kitabu chako, bila malipo, kwa sharti la kwamba isizidi ukurasa mmoja. Swali la “ungemvushaje” nimeliuliza leo gredi ya tatu. Kipindi kiliisha hatujamvusha.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mbuzi mpeni muhogo mbichi, atavuka.

Msimulizi wa Jumamosi (mleta uzi)

Bi Mkubwa, muhogo huo nimeuandika kwenye daftari.

Nakala za toleo la kwanza zimekaribia kwisha, na mchapishaji amenialika kuzungumzia la pili. Nimepeleka maombi matatu: “ng'o” irudi mara tatu, kila moja kwenye ukurasa wake wa kushoto kama alivyoeleza Mchoraji, sentensi ya funzo iondoke, na maswali yahamie ndani ya jalada. Mhariri amekubali la kwanza na la tatu. La pili amesema atalipeleka kwa wakubwa wake, lakini ameniomba nimtumie rekodi ya watoto wakisomewa mswada wa mwanzo, ili aicheze kikaoni. Nitairekodi Jumamosi hii saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Mchoraji, kama una nafasi njoo na penseli. Mwalimu, nakala kumi za shule yako nitazituma kwa basi la Mombasa Jumatatu. Nitumie kwa faragha jina la kituo cha kuzipokelea.